Vikombe Vinne Juani

Nianze na kosa langu, maana nimechoka kulizunguka. Mwaka 2012, mwezi wa tatu, mimi Nkatha, mzaliwa wa Meru na mkazi wa Blacktown, niliharibu kitu cha mtu ambacho hakiwezi kupatikana tena. Sikukichana wala sikukimwagia chai. Nilikianika.

Mwenyewe alikuwa Bi Fumie, mwanamke wa Kijapani wa miaka themanini na minne, aliyekuwa akiishi peke yake Merrylands katika nyumba ya matofali yenye geti lililolegea. Aliletwa Australia na mumewe, askari wa huku aliyekutana naye Japani baada ya vita. Mume alikuwa amekufa zamani na mtoto hawakujaaliwa. Shirika langu la kutunza wazee lilinipangia kwake siku tano kwa wiki, saa tatu asubuhi hadi saa tisa: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Macho yake yalikuwa yameingia kiza katikati. Aliona pembeni tu, tena vivuli, kwa hiyo alipotaka kukuona vizuri alikutazama sikio.

Mimi nilimwita shosho. Aliuliza maana yake, nikamwambia ni bibi. Akacheka, akasema hajawahi kuwa bibi wa mtu yeyote, basi niendelee.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijajua vijiko vinakaa wapi, alinituma nivute kasha bapa la mbao nyepesi chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na karatasi moja laini, ukubwa wa kurasa mbili za daftari la shule. Mwanamume ameketi, uso mweupe, nyusi ziko juu, midomo imebanwa, amevaa joho la buluu hafifu lenye mabega mapana. Bi Fumie aliniambia huyo alikuwa mwigizaji wa kabuki, mchezo wa jukwaani wa kwao ambao wanaume ndio huigiza wote, hata wanawake. Zamani mashabiki walinunua picha zao kama watu wa leo wanavyonunua fulana za wachezaji wa mpira. Na mwigizaji mkubwa alipokufa, wachapaji walikimbizana kutoa picha ya kumuaga, amevalishwa buluu hiyo ya msiba. Nikasema moyoni, haya, kazi mpya, na nimeanzia matangani.

"Lakini huyu si wangu," alisema Bi Fumie. "Wangu ni huyu."

Akapapasa kona ya chini upande wa kushoto, akapima vidole viwili kwenda juu, akaweka ukucha mahali palipokuwa na herufi mbili ndogo za kwao, za buluu, moja juu ya nyingine.

Huyo alikuwa babu wa babu yake, mchonga mbao wa Osaka. Picha za namna hii mmoja huchora, mwingine huchonga mchoro kwenye ubao, wa tatu hupaka rangi na kupiga chapa, na sifa zote humwendea yule wa kwanza. Mzee wa watu alikuwa amechonga maisha yake yote, na ni kwenye picha hii moja tu walimruhusu aweke jina. Mbao zake, nyumba ya ukoo na kaburi lenyewe viliteketea mabomu yalipomwagwa Osaka mwishoni mwa vita. Karatasi ilipona kwa kuwa shangazi mmoja alikuwa ameipeleka shamba. Bi Fumie alinitamkia jina la mchongaji, taratibu, mara mbili. Nikasema ni jina zuri. Ndivyo ninavyosema mzee yeyote anaponionyesha kitu, kiwe mjukuu au meno mapya.

Nia yake ilikuwa moja tu. Alitaka jumba moja la sanaa la mjini liichukue ile picha na kuliandika jina la mchongaji katika orodha yao, ili akifa yeye, yule mzee asiende kwenye takataka pamoja na makochi. Hakuwa na ndugu wa kumwachia. Nilimwandikia barua kwa mkono wangu, akaweka sahihi iliyopanda mlima, na jibu likaja kwamba mtaalamu wao angefika nyumbani mwezi wa nne. Alinifanya niisome barua ile mara nne siku hiyo. Nilichoka, lakini niliisoma.

Aliipenda sana ile buluu. Aliniambia haikuwa rangi ya dukani. Ilikamuliwa kwenye ua dogo linalochanua alfajiri kwenye majani yenye umande, lina petali mbili za buluu, na likifika adhuhuri limeshajikunja. Nikamwambia, shosho, hilo si ua, hilo ni gugu. Kwetu linaota katikati ya mahindi, tunawakatia sungura. Na hata hapa lipo, nyuma ya pipa lako la taka. Alifurahi kama mtoto, akanituma nimchumie. Nilipomwekea kiganjani ilikuwa karibu saa sita, nalo lilikuwa limeshajikunja. Mtu aliyekulia shamba angepata funzo hapo hapo. Mimi nilienda kuosha vyombo.

Kiangazi kile mvua haikujua kukata. Ilinyesha Januari, ikanyesha Februari, ikaendelea Machi mpaka kuta za nyumba zikatoa jasho. Viatu vilivaa kuvu kabatini. Siku moja Bi Fumie alifungua kasha, akanusa, uso ukamkunjamana. Karatasi ilikuwa imeanza kunuka uvundo, na pembeni niliona vidoa vidogo vya kuvu. Mtaalamu alibakiza wiki nne aje.

"Nkatha," aliniambia, "mvua ikikatika, air it. Please. Kila siku kidogo."

Neno lenyewe ndilo hilo, air. Tulikuwa tukiongea Kiingereza, lakini kichwa changu ni cha Meru na cha Kiswahili cha shule ya msingi, na humo ndani air ya kitu chenye unyevu ina tafsiri moja: anika. Na kuanika ni juani. Sisi hutoa nje godoro, mahindi, maharagwe, sweta la shule. Biblia ya mama yangu iliwahi kulowa, tukaianika juu ya bati siku tatu, na hadi leo anaisoma. Hata sikuuliza. Ningeuliza nini?

Mvua ilikatika Jumatatu. Jua la hapa mnalijua, likitoka halina utani. Nilitandika shuka safi kwenye meza ya uwani, nikailaza picha juu yake, uso juu. Kulikuwa na upepo, kwa hiyo nikachukua vile vikombe vyake vinne vya chai, vya udongo, visivyo na mikono, nikavifudikiza kimoja kila kona. Nilijiona mjanja sana. Kila asubuhi nilianika, na kila saa nane nilianua, kwa siku kumi za kazi. Siku hizo shosho nilimpa chai kwenye kikombe cha plastiki. Aliniuliza mara moja vikombe vyake viko wapi, nikamwambia navitumia.

Rangi haikuondoka kwa siku moja, maana hapo ningeshtuka. Iliondoka kidogo kidogo, na mimi nilikuwa naangalia kuvu, si buluu. Siku ya kumi kuvu ilikuwa imekauka, nikaipangusa kwa brashi ya vipodozi, nikainua vikombe kwa mara ya mwisho huku naimba.

Kwenye kona nne kulikuwa na miduara minne ya buluu. Kwingine kote joho la marehemu lilikuwa rangi ya maji ya mchele.

Nilisimama pale uwani nikiwa na kikombe mkononi. Kisha nikapima kutoka kona ya chini kushoto, vidole viwili kwenda juu. Ukingo wa kikombe ulikuwa umekatiza juu ya lile jina, maana kila siku nilikisogeza juu kidogo kutoka konani ili kisiteleze. Herufi ya juu ilikuwa imefunikwa, ikapona. Ya chini ilibaki kivuli, na nilipoinamisha karatasi sikuona hata kivuli. Nikakaa chini kwenye nyasi na sare yangu ya kazi.

Niliirudisha kashani. Bi Fumie aliniita, akaomba aishike kidogo. Aliileta karibu na uso, kisha akaniuliza:

"Buluu iko?"

"Iko, shosho."

"Na jina liko?"

"Liko."

Akaipakata muda mrefu kabla ya kunirudishia.

Jumapili, baada ya ibada pale Blacktown, nilimvuta kando Généreuse. Ni dada wa Kirundi, alikulia kambini Tanzania, tunafanya kazi shirika moja, na yeye ndiye aliyekuwa akimhudumia Bi Fumie wikendi. Nilimweleza yote huku nimeshika sahani ya wali.

"Weye uliiweka tu ku jua," alisema. "Hata mie ningeiweka. Karatasi inanuka, unaiweka ku jua, c'est tout, basi."

"Nimwambie?"

"Umwambie nini? Mzee mwenyewe haone. Ukisema atalia, atapiga simu ku office, manager ataandika incident report, na boulot yako, kazi yako, imekwisha. Nyamaza, dada. Mungu anajua haukukusudia."

Nilitaka kusikia hivyo hivyo, ndiyo maana nilimwendea yeye na si mchungaji. Nikanyamaza.

Mtaalamu alikuja mwezi wa nne, bwana mrefu mwenye sauti ya chini na glavu nyeupe mfukoni. Bi Fumie alikuwa amevaa blauzi yake ya hariri na kuniamuru nimpake rangi ya mdomo. Alikaa kwenye kiti wima, mikono magotini. Yule bwana aliomba kuitazama picha jikoni, kwenye mwanga wa dirisha, nikampelekea kasha. Alifunua. Alitazama miduara minne. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama birika.

Alirudi sebuleni akamshukuru Bi Fumie kwa heshima zote, akasema wangemwandikia. Nilimsindikiza hadi getini. Huko ndiko aliniambia ukweli: rangi imekufa, haiwezi kurudishwa, na kwa hali ile jumba haliwezi kuichukua kama picha.

"Lakini jina la mchongaji," alisema, "hilo ningependa angalau kulinakili. Mchoraji anajulikana, huyu hajulikani kabisa. Naona herufi moja tu. Je, mama analijua jina kamili? Nirudi nimwulize?"

Nilisikia redio ya Bi Fumie kupitia dirishani. Hatua kumi na mbili, ngazi mbili, mlango. Angeingia, angeuliza, shosho angelisema jina, likaandikwa. Na shosho angeuliza kwa nini anamuuliza kitu ambacho kimeandikwa pale kwenye karatasi.

"Hajui," nilimwambia. "Her memory is gone. Kumbukumbu zimeondoka kabisa, pole."

Mwanamke ambaye alikumbuka siku niliyochelewa kwa dakika nne mwezi mzima uliopita! Yule bwana alitikisa kichwa kwa huruma, akaniaga. Nililazimika kuliinua geti kidogo ndipo likafunga.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Nilimsomea niliyoyatunga mimi: kwamba picha ni nzuri sana lakini ghala lao limejaa. Bi Fumie alisikiliza hadi mwisho. Hakuniambia niisome tena. Aliomba chai, na alipokipokea kikombe chake cha udongo alikizungusha mikononi, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, pole pole, mduara mzima.

Tangu siku hiyo hakupitisha siku bila kuniuliza. Nikimfunga vifungo, nikimkata kucha, nikiwa mlangoni natoka. Buluu iko? Jina liko? Nami nilijibu iko, liko, shosho, mpaka ikawa kama salamu. Nilimchukia kwa kuuliza. Niseme tu ukweli, kuna asubuhi nilikuwa nikishuka kwenye basi natamani nikute ameacha kuuliza au ameacha kupumua. Kisha namkuta amenitengea biskuti zile ninazopenda, ninajisikia mchawi.

Mwezi wa saba alipata nimonia. Walimlaza, na wodini wakaniambia kwa upole kwamba hatarudi Merrylands. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, mchana, saa za kuwaona wagonjwa. Alikuwa amepungua hadi mto ulimzidi. Alikuwa amemwambia muuguzi anipigie niilete picha, na nilikuwa nimeibeba kwenye jalada la plastiki.

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza hadi usoni. Nilidhani anajaribu kuona.

"Bado inanuka jua," alisema.

Nilianza kumrekebishia mto.

"Tangu siku ile uliyoirudisha kwenye kasha," aliendelea, kwa vipande, akivuta pumzi kila baada ya maneno matatu. "Nilinusa. Nikakumbuka kikombe cha plastiki. Kwetu hufungua madirisha, tunaipa upepo. Kivulini, Nkatha. Kivulini."

"Kwa nini hukusema, shosho?"

"Ningesema, wangekuondoa. Wangeniletea mtu mwingine nianze upya." Akapumzika. "Nikasema, atasema mwenyewe. Nikawa nakuuliza kila siku."

Kumbe miezi yote ile alikuwa akiniuliza mimi, na mimi nilidhani anaulizia picha. Nililia pale bila aibu, mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta. Nikamwambia yote. Nilimwambia miduara minne, nikamwambia barua ilivyosema hasa. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo na haukufungika, nikamwambia la getini, kwamba yule bwana alitaka kuja kumuuliza jina nami nikasema hana kumbukumbu.

Mpaka hapo alikuwa amenishika mkono. Aliuachia.

"Jina," alisema. "Limebaki la juu au la chini?"

"La juu."

Mashine ya hewa ilikuwa ikilia kwa taratibu yake.

"La juu ni la karakana. Wote waliochonga pale walilitumia, wanaume thelathini, arobaini. La chini ndilo lilikuwa lake."

Nilitoa simu, nikafungua mahali pa kuandika. "Niambie, shosho. Naliandika sasa hivi. Namba ya yule bwana ninayo, nampigia leo leo. Niambie tu."

Aligeuza kichwa kwenye mto, akanitazama sikio, kama alivyofanya alipotaka kuniona vizuri.

"Nilikuambia siku ya kwanza," alisema. "Mara mbili. Ukasema ni jina zuri."

Kisha akafumba macho. Nilimsihi arudie. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, nikamwita shosho, nikamwita Bi Fumie, nikamwita mama. Hakurudia. Sijui kama ilikuwa hasira au pumzi zilimwishia, na sasa hakuna wa kumuuliza, kwa maana alifariki Alhamisi iliyofuata, kabla sijarudi kumwona.

Nyumba ilisafishwa na watu wa kukodiwa, makochi yakakaa ukingoni mwa barabara siku mbili, yakachukuliwa. Picha ninayo mimi. Ipo ndani ya kabati langu, Blacktown, gizani, kwenye kasha lake. Huwa naitoa, nafunga mapazia, napima kutoka kona vidole viwili kwenda juu, na naketi kujaribu kukumbuka. Siku ile naikumbuka yote: nyusi za marehemu, ukucha wake juu ya karatasi, harufu ya supu ya maharagwe, na sauti yangu ikisema ni jina zuri. Jina lenyewe sikulisikia.